Nani Atamsemea Mzee Chungwa

Nyakabiga, 6e Avenue,
Bujumbura.
18 Mei 2025

Mpendwa Mjomba Faruk,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa theluji kiwe kimepoa. Je, unakula vizuri? Unapata usingizi? Bibi ameniagiza niulize haya kabla ya neno lingine lolote, na ameketi hapa kando yangu kuhakikisha.

Sisi hatujambo, alhamdulilahi. Bibi analalamikia goti lake, lakini jana alikataa nimbebee kikapu. Mama anaendelea na vitenge vyake sokoni. Mimi nasoma kwa ajili ya mitihani. Petroli imekuwa adimu, kwa hiyo naenda shule kwa miguu, na njiani napata nafasi ya kuwaza. Mara nyingi nawaza filamu.

Najua utacheka. Msichana asiyethubutu kuinua mkono darasani, kichwani amejaza majambazi! Lakini ni wewe uliyenizoesha. Ulikuwa ukinikalisha karibu na meza yako katika ukumbi wa video wa Mzee Chabani, unashika mikrofoni, unafasiri filamu za Kichina na za Kihindi kwa Kiswahili chetu. Watu wote walimshangilia aktere, yule shujaa wa filamu. Mimi nilikuwa namsubiri adui, shefu bandi.

Nimejiuliza sana kwa nini adui huwateka watu macho. Nadhani ni kwa sababu hana haraka. Aktere anakimbia tangu mwanzo wa filamu, jasho linamtoka, anapiga kelele. Adui ameketi. Mtu aliyeketi wakati wenzake wote wanakimbia, huwezi kuacha kumtazama. Tena aktere tunajua atashinda, hana la kutuficha. Adui ndiye peke yake anayejua kitakachotokea.

Unamkumbuka yule mwanamke wa filamu ya Kihindi, mwenye funguo nyingi kiunoni? Funguo zikilia tu, ukumbi mzima kimya. Ulimpa sauti ya bibi, na siku hiyo bibi mwenyewe alikuwa kwenye benchi la mbele. Akasimama: "We Faruk! Mi nilikuzaa ili unifanye bandi?" Nawe, bila kubadilisha sauti, ukamjibu kwenye mikrofoni: "Mama, kaa chini, ao nitakufungia ndani pamoja na hawa." Bibi anacheka ninapoandika haya. Anasema bado hajakusamehe.

Lakini nimpendaye kuliko wote ni Mzee Chungwa, adui wa ile filamu ya Kichina. Jina hilo ulimpa wewe, kwa sababu kabla ya kumhukumu mtu yeyote alimenya chungwa taratibu, ganda lisikatike. Aktere analetwa amefungwa kamba, na Mzee Chungwa anamwambia: "Keti, mutoto wangu. Umetoka mbali. Mutu hafi na njaa kwangu." Kisha anampa kipande. Niliogopa, na wakati huohuo nilitamani awe babu yangu.

Sasa nikueleze jambo ambalo limenikaa moyoni. Mwezi uliopita rafiki yangu Amélie alinialika kwao Kinanira. Wana televisheni kubwa, na filamu hiyo wanayo kwa Kifaransa. Nilimwambia angoje, atamwona adui asiyewahi kumwona. Mzee Chungwa akaingia, akaketi, akamenya chungwa lake. Akasema neno moja tu: "Mwondoeni." Basi. Chungwa akalila peke yake.

Amélie akanigeukia: "Ndiye huyu?" Nilirudi nyumbani kwa miguu nikihesabu maneno yote niliyompendea yule mzee, na hakuna hata moja lililokuwa lake. Yote yalikuwa yako, mjomba. Miaka yote hiyo nilidhani nampenda adui.

Na wewe sasa husemi. Ukipiga simu ni dakika chache, salamu na kukohoa. Uliniambia kwamba katika kiwanda cha nyama hamsemezani kwa sababu ya kelele za mashine, na ukifika chumbani huna wa kuzungumza naye. Nikifikiria sauti ile ikikaa bure kutwa nzima, nashindwa kusoma.

Nakuandikia kwa sababu sehemu ya pili ya filamu imefika. Unajua desturi ya hapa: filamu isiyofasiriwa ni kama haijaja. Mzee Chabani alimjaribu Bonfils, yule kijana wa Mutakura. Mzee Chungwa alipofungua mdomo tu, watu wakaanza: "Apana! Huyu haiko shefu bandi, huyu anafundisha katekisimu!" Bonfils akaiweka mikrofoni chini, na taa zikawashwa.

Kesho yake Mzee Chabani alikuja hapa. Alikunywa chai, kisha akamuuliza bibi: "Mama Faruk, mutoto wako anarudi ao harudi? Kama harudi, Hayat anajua maneno yake yote. Nimupe yeye mikrofoni." Niliiweka mikono yangu chini ya meza. Sikuogopa watu tu. Niliona kwamba nikikaa katika kiti chako, tutakuwa tumesema hurudi.

Bibi akasema: "Kiti cha mwenye safari hakikaliwi na mugeni. Hayat haiko mugeni, akae. Lakini watu wakimwita Faruk, asiitike." Nikasema ndiyo. Nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yangu kusema ndiyo kwa sauti ya kusikika. Filamu itaonyeshwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu.

Nimekwisha kuitazama filamu hiyo peke yangu, bila sauti, ili nijiandae. Nimeyapata maneno ya aktere, ya walinzi, hata ya mwanamke muuza samaki. Mahali pamoja pananishinda. Mzee Chungwa anakufa katika nchi ya watu, kwenye chumba kidogo chenye dirisha moja, na nje theluji inaanguka. Hakuna aliye naye. Midomo yake inatikisika muda mrefu.

Najua wakati huo watu wote wataigeukia meza, wakingoja nimsemee. Mimi sijawahi kuvuka hata mpaka, mjomba. Sijui mtu aliye mbali hivyo na kwao husema nini akiwa peke yake. Wewe unajua. Tafadhali nipigie, useme yote, hata kama ni marefu. Mimi nitasikiliza tu.

Mama anakusalimu sana, na jirani yetu Odette, na Mzee Chabani, na Bonfils pia, ambaye hana kinyongo. Bibi anakuombea kila baada ya swala. Mungu akulinde katika baridi hiyo na akuweke karibu na watu wema.

Mimi mpwa wako, nikupendaye na kukukumbuka,

Hayat