Neno la Kumkabidhi Ruwaida

Jumanne, 5 Julai 1994

Ruwaida na Lulwa wametoroka chuoni, kwenye masomo ya Kurani, wakaenda kutazama video ya Kihindi. Wasichana wa miaka kumi! Lulwa ni mtoto wa Zakiya, jirani yetu wa ghorofani, ambaye mumewe yuko benki. Lulwa kakalishwa kitini, kaulizwa kwa nini, kanyimwa televisheni. Basi! Wangu kapigwa na mwalimu, kisha babake, Ishaq, akamalizia kwa mshipi. Mkono umefura, kijiko hakishiki. Nimempaka mafuta ya nazi — babake sikumkabili. Namwogopa Ishaq siku ambazo karakana haina kazi.

Jumatano, 6 Julai

Nimejipa moyo, nikamuuliza Ishaq mbona Lulwa hakuguswa. Akacheka. Mtoto wa benki akiharibika atatafutiwa shule nyengine, asema, na nyengine tena. Wetu akikosea mara moja ndiyo basi. "Mimi sina pesa za kumwacha akosee mara mbili."

Nusu yangu yamwamini. Mimi nami nililelewa kwa bakora, nikaishia darasa la saba. Sijui ilinisaidia au ndiyo iliyonikomesha.

Ijumaa, 8 Julai

Balaa! Zakiya, kwa wema wake, kamngoja Ishaq mlangoni mwa jengo letu akitoka sala ya Ijumaa, akamfungulia jarida. Yeye amesoma chuo kikuu Nairobi. Wataalamu wasema mtoto apigwaye huwa hivi na vile... Mbele ya watu wote wa mtaa!

Ishaq akaitika kwa adabu, "Ahsante, dadangu," macho chini. Hapo ndipo nilipoogopa. Angefoka ningepumua.

Chakula hakukigusa. Akasema Jumapili Ruwaida anapelekwa Likoni kwa mwalimu wake wa utotoni, akae huko huko. Ni yule aliyemvunja kidole gumba! Hakikunjiki mpaka leo, na ndicho anachoshikia patasi. Wageni wakija huwaonyesha — huyu ndiye aliyenifanya mtu, asema.

Jumamosi, 9 Julai

Nimefunga nguo zake. Zakiya kaja analia, ataka kusema na Ishaq tena. Nimemshika mikono. Dadangu, nakuomba, nyamaza!

Jumapili, 10 Julai

Likoni. Niko ukumbini kwa mke wa mwalimu, daftari nimelitoa mkobani. Kaingia jikoni kutazama chai. Wanaume wanaswali alasiri.

Mwalimu ni mzee wa sauti laini. Kampa Ruwaida tende. Lakini mtoto hampokei mpaka mzazi aseme: nyama ni yako mwalimu, mimi nirudishie mifupa. Wazazi wote husema, ndiyo ruhusa ya kumchapa mtoto atakavyo. Na Ishaq ataka neno hilo litoke kinywani mwangu. Wewe na jirani yako ndio mliotia mdomo, kaninong'oneza kwenye feri, basi leo utanena wewe.

Nikikataa, nitarudi naye nyumbani. Na nyumbani kuna Ishaq aliyeaibishwa mara ya pili. Nikisema... Sijui hata ni wapi panaponitisha zaidi.

Ruwaida kashika buibui langu kwa ule mkono mzima. Afadhali angelia!

Nimelijaribu neno lile kimoyomoyo, nione kama litanikwama. Halikunikwama. Yarabi! Limeteleza kama salamu.

Wamemaliza kuswali. Nasikia wanavaa viatu. Mke wa mwalimu ananiita nije mbele.