Mfuko wa Kadi ya Mama

Jumatatu, 6 Julai
Suruali tatu za wanafunzi, zipu moja. Vumbi tupu. Sindano imekatika, na fundi mwenyewe siku hizi haoni tundu la uzi mpaka aazime macho ya mke wake.
Mchana Mama akatoka nje. Mwenyewe! Tangu tumzike Baba kwao Mpwapwa nikamtoa Mama nyumba yao ya hapahapa Nkuhungu nikamleta kwangu, ni chumbani tu, anaangalia ukuta. Leo kaja na gauni lake la kitenge. Anataka mfuko kwa ndani, kifuani, wa kuwekea kadi ya mpigakura. Jumamosi tunachagua diwani. Yeye na Baba hawajawahi kukosa uchaguzi.
Nimeushona papo hapo. Nimefurahi mpaka nikajifanya nakohoa.

Jumatano, 8 Julai
Gari la matangazo limepita. Kila mtu aje na kadi yake. Asiye nayo aje na kitambulisho kingine chenye picha. Nikamwomba Mama nione yake. Hataki.
"Ipo. We Yohana, ulimshonea baba yako koti mkono mmoja mrefu, leo unikague mimi?"
Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Sina cha kujitetea. Koti lile ndilo tulilomzika nalo. Baba alilipenda, alisema mkono mrefu ni wa kusalimia wakubwa.
Jioni ugali wa uwele na mlenda. Mama kaongeza. Sijamwona akiongeza tangu msiba.

Ijumaa, 10 Julai
Mama kalipiga gauni pasi mwenyewe. Ananiuliza kila saa kesho tunaondoka lini.
Nina wasiwasi, sijui wa nini. Labda njaa.

Jumamosi, 11 Julai
Sijui niandikeje.
Kituo kilikuwa darasani, shule ya msingi. Mama kasalimia foleni nzima kwa Kigogo, mbukwa huku, mbukwa kule, wakampisha mbele. Jina lake likaonekana. Karani, binti mpole, akamwamkia, akaomba kadi. Mama akaitoa kwenye ule mfuko. Binti akaitazama, akamtazama Mama.
"Bibi, hii ina picha ya mwanaume."
"Ya mume wangu. Yangu anayo yeye. Tulibadilishana."
Watu wakacheka. Mmoja nyuma akasema, "Haya ndiyo mapenzi!" Mama naye akatabasamu.
"Yeye yuko wapi?"
"Mpwapwa."
"Si mbali, bibi. Mwambie aitume na basi. Tunafunga saa kumi."
Binti hakukosea. Hakujua. 
Hapo ndipo nikaelewa. Asubuhi ya mazishi aliomba abaki peke yake na Baba, amweke koti sawa. Akamtilia kadi yake mfukoni, akabaki na ya Baba. Hawakuwa na picha nyingine, hao wawili. Hakuna aliyewahi kuwapiga. Hata mimi, mwenye simu ya kamera.
Nikamnong'oneza karani. Akaziba mdomo kwa kiganja. Lakini hawezi kumruhusu. Kitambulisho cha taifa cha Mama hakijatoka, tuna namba tu kwenye karatasi, na namba haina sura. Akamrudishia kadi ya Baba kwa mikono miwili.
Mama akaniambia nikapige kura mimi. Nikapiga. Sikumbuki hata nilivyoikunja ile karatasi ya kura.
Njiani alisema neno moja tu. Kwamba siku zote walikwenda pamoja, alidhani wataelewa.

Jumapili, 12 Julai
Sikwenda kanisani. Mama hakutoka chumbani.
Nimeshinda na mkono wa kushoto mfukoni, nauficha wino kidoleni. Fundi wa mkono mmoja. Mke wangu kaona, hakunitania.
Jioni Mama akaja kwenye cherehani, na gauni mkononi. Akaniambia nitoe mkono. Nikatoa. Akakishika kidole changu kidogo, akabandika chake juu ya wino, akabonyeza. Akakiangalia. Hakikushika kitu. Ulishakauka.
Akaniomba niufunge ule mfuko, kadi ya Baba ikiwa ndani.
Nimeufunga kwa mkono. Mishono midogo. Safari hii imenyooka.