Gari Zuri Linaloongea Kijapani

Jumamosi, saa kumi alasiri. Upepo wa Kitengela umejaza vumbi madirishani na sina nguvu za kupangusa. Mtanisamehe makosa ya kuandika.

Mume wangu, Baba Neema, yuko kazini Kisumu. Amepata gari la kununua, lile dogo la kifahari lililoinuka kidogo, ambalo siku hizi kila jirani aliyepandishwa cheo analitaka. Muuzaji alituachia tulijaribu leo. Kazi yangu ilikuwa kuliendesha hadi Kajiado na kurudi, kisha nimwambie ndiyo au hapana, kwa sababu mimi ndiye nitakayempeleka mtoto shule nalo kila siku.

Gari limetoka Japani juzi juzi. Ukiliwasha, sauti ya mwanamke inaongea Kijapani, tena kwa upole sana.

"Hiyo ni salamu tu, madam," muuzaji aliniambia. "Ukizoea hata hutaisikia."

Niliamini. Nani hapa Kitengela hajapanda gari linaloongea Kijapani? Hakuna anayeuliza linasema nini.

Wacha niseme ukweli, nililipenda. Viti ni vya ngozi. Paa ni la kioo, na Neema, binti yetu wa miaka sita, alihesabu mawingu hadi Isinya. Injini ni ndogo lakini ukikanyaga mafuta unayapita malori ya saruji kabla hujamaliza kuomba. Mabaya nayo yapo: magurudumu hayafai njia ya mawe ya Mashuuru, na bei yake ingetununulia ploti Kimuka. Lakini nilipopita mbele ya shule ya Neema nilipunguza mwendo ili nionekane. Nakiri.

Baada ya Isinya, yule mwanamke wa ndani ya gari aliongea tena. Mara tatu. Nikaongeza sauti ya nyimbo za injili.

Karibu na Kajiado ng'ombe waliingia barabarani. Nilikanyaga breki. Mguu ukafika chini kabisa na gari likaendelea.

Mkono ukatafuta handibreki pale inapokaa kwenye kila gari nililowahi kuendesha, ukashika chupa ya maji ya Neema. Kwenye gari hili handibreki ni kitufe, na sikujua kiko wapi. Nilikanyaga tena, na tena, nikipiga kelele jina la Yesu. Breki zikashika. Tulisimama karibu hivi kwamba ningeweza kumgusa ng'ombe kwa mkono.

Mzee mwenye ng'ombe alikuja dirishani. Hakunigombeza. Alimwangalia Neema, akaniangalia mimi. "Mama, zima hii gari," akasema. "Shuka kwanza."

Kabla sijalizima, ile sauti iliongea tena. Niliisogezea simu yenye programu ya kutafsiri, na maneno yakatokea kwa Kiswahili: *Hitilafu ya breki. Tafadhali simamisha gari mahali salama.*

Yule mwanamke alikuwa ananiambia tangu Kitengela.

Fundi aliyekuja kutoka Kajiado alilala chini ya gari akatoka na vidole vimelowa mafuta ya breki. Tumerudi kwa gari la jirani, na hilo la kifahari limeletwa hapa nyumbani juu ya lori. Nilimpigia Baba Neema nikilia.

"Hiyo ni kitu kidogo, Mama Neema. Fundi atarekebisha," alisema. "Mimi nishaambia watu. Na kesho pastor anaibariki."

Kanisani kwetu gari jipya halimalizi wiki bila kuombewa. Wazee huweka mikono juu ya boneti, akina mama hulizunguka wakiimba. Jina letu tayari liko kwenye matangazo.

Ninaamini maombi. Lakini siwezi kulizunguka lile gari nikiimba, halafu Jumatatu nimfunge Neema mkanda kiti cha nyuma. Na ninaogopa. Kwa miaka tisa ya ndoa sijawahi kumkatalia mume wangu jambo alilokwisha kulitangaza.

Nimempigia muuzaji aje alichukue leo. Kisha nikamwandikia Baba Neema: *Hapana. Hatulinunui.*

Ameusoma ujumbe. Ni nusu saa sasa na hajajibu. Kila simu ikilia nashtuka. Mara mbili nimeweka kidole juu ya ujumbe ule niufute.

Sijaufuta.