Bafu la Nyumba ya Nne

Jumatatu, 30 Julai 1973

Wageni wa nyumba ya kwanza na ya pili wameondoka asubuhi. Wameacha mchanga hadi kitandani. Nimetoa vizibo, nimemwaga maji, nimesugua mabafu yote mawili kwa burashi ya waya. Chumvi ya haya maji haina huruma. Ukiliacha bafu siku mbili tu linakuwa jeupe kama limepakwa chokaa. Watu wanatoka Nairobi na magari yao, wanalipa, ili wakae nje kwenye baridi ya Ziwa Elementaita ndani ya maji yaliyotoka ardhini yakichemka, wakiangalia flamingo. Mwanzoni niliwacheka. Siku hizi Jumamosi, wageni wakiwa wachache, mimi mwenyewe huingia lile la nyumba ya nne.

Nyumba ya nne iko tupu tangu Pasaka. Paa linavuja na Bwana Sohan, mwenye nyumba hizi, bado hajaleta mabati kutoka Nakuru. Nimepita hapo jioni. Bafu ni safi, limesuguliwa mpaka kwenye kona. Si mimi niliyelisugua.

Jumatano, 1 Agosti

Bafu la nne tena. Chini ya kizibo kuna unyevu na saruji bado ina joto. Mtu ameoga hapo mchana na hatuna mgeni hata mmoja.

Tuko watatu tu hapa. Mimi mwangalizi, Nafula bibi yangu anayefua mashuka, na Kamau mpishi. Kamau hajawahi kushika burashi tangu azaliwe. Hata sufuria zake anaziloweka mpaka Nafula amwonee huruma.

Sijasema kitu. Naangalia tu.

Ijumaa, 3 Agosti

Nafula anaimba. Anaanika mashuka akiimba, anachota maji akiimba. Mwezi uliopita alikuwa analia kila siku kwa sababu mama yake huko Kimilili miguu imekataa, anabebwa kwenda choo kama mtoto mchanga. Sasa mtu ambaye mama yake yuko hivyo anaimba nini?

Halafu Kamau ameanza kumwita shemeji. Tangu lini? Miaka miwili amekuwa akimwita mama. Leo niliwakuta nyuma ya jikoni, wakanyamaza wote pamoja. Kamau akaanza kuongea habari ya bei ya nyama. Hakuna aliyemuuliza bei ya nyama.

Jumamosi, 4 Agosti

Siku yangu ya kuoga. Nimechukua taulo na sabuni nikaenda nyumba ya nne. Kizibo hakipo. Nimetafuta kwenye majani, chini ya veranda, hakuna. Nafula akasema labda nyani wamechukua. Nyani wafanye nini na kizibo?

Nikasema basi nitatumia cha nyumba ya tatu. Akasema hicho hakitoshi. Anajuaje kama hakitoshi? Akanichemshia maji kwenye debe, nikaoga nyuma ya nyumba kama kawaida. Maji yalikuwa mazuri. Hasira haikutoka.

Hawataki niingie bafu lile. Hiyo sasa najua.

Jumapili, 5 Agosti

Nafula amekwenda kanisani Gilgil, ati baadaye atapitia kwa kaka yake Simiyu, yule wa reli. Amebeba kikapu kikubwa na kanga mbili. Kanga mbili za nini? Kamau pia hakuonekana, wala baiskeli yake. Nimekula ugali baridi peke yangu.

Jumanne, 7 Agosti

Niandike ukweli, hakuna mtu anasoma hapa. Tuna miaka sita ya ndoa na hatuna mtoto. Watu wa kwetu wameshaanza kuuliza, na najua kwao pia wanauliza. Mwanamke ambaye hana mtoto hapa anaweza kufunga nguo zake aende, na hakuna kitu cha kumrudisha. Kamau ana watoto watatu huko Nyandarua na meno yote.

Nikimpoteza Nafula sina kitu. Kazi hii ni ya kusugua saruji tu.

Leo baiskeli ya Kamau ilikuwa imeegemezwa nyumba ya nne. Nilikuwa kwenye paa la nyumba ya kwanza nikipaka lami. Niliposhuka nikafika, baiskeli imeondoka. Kwenye kamba kulikuwa na kanga imelowa. Nimeinusa kama mbwa. Nimeona aibu lakini nimeinusa. Dawa ya kuchua, ile ya mchaichai. Mimi sijawahi kuchuliwa na mtu kwa dawa hiyo.

Alhamisi, 9 Agosti

Nimemwambia Nafula kesho naenda Nakuru kuuliza mabati ya Bwana Sohan na kununua simiti, na nitarudi jioni. Uso wake ulifurahi. Akajaribu kuuficha lakini niliuona. Akaniuliza mara mbili kama ni kweli nitachelewa.

Kesho sitapanda gari lolote. Nitafika barabarani, nirudi kwa upande wa ziwa.

Nimechukua rungu kutoka juu ya kabati. Sijui nitalifanyia nini. Namwomba Mungu nisilifanyie kitu.

Ijumaa, 10 Agosti

Nilirudi kwa upande wa ziwa, nikapenya kwenye vichaka vya leleshwa nikiwa nimeinama. Nilimwona Kamau kwanza. Amekaa juu ya jiwe, nyumba ameipa mgongo, anaangalia barabara. Nikajiuliza, huyu anamlinda nani kama yeye mwenyewe hayuko ndani? Hapo ilifaa nisimame. Kichwa kilikuwa kimeshapata moto.

Nikasikia mwanamke anacheka ndani ya maji. Nikazunguka kona na rungu mkononi.

Nafula alikuwa amepiga magoti nje ya bafu, mikono ina povu. Alikuwa anamsugua mgongo mama yake.

Mama mkwe wangu. Uchi. Jua la mchana, hakuna ukuta, hakuna hata majani. Mtu ambaye tangu nimuoe binti yake sijamwita kwa jina, sijamshika mkono, nikimwona njiani naingia shamba la mtu ili apite. Kwetu ukikalia kiti cha mkwe wako ni kesi. Na mimi nimesimama hapo na rungu, nimemwona mwili wote.

Hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa mikono. Mwili aliuacha ulivyo, akafunika uso tu.

Nilianguka kifudifudi hapo kwenye mchanga. Sikujua la kufanya lingine. Nikabaki hivyo nikisikia maji yanamwagika, Nafula analia, Kamau anauliza kuna nini. Wakamvisha. Akakataa baiskeli. Wakaenda kwa miguu mpaka barabarani, polepole, yeye na Nafula, na mimi siwezi hata kuinuka nisaidie, maana kumkaribia ni kuongeza ubaya juu ya ubaya. Kwa miguu, naandika. Mtu aliyekuwa anabebwa.

Jumamosi, 11 Agosti

Nafula amelala kwa kaka yake. Kamau ndiye amenieleza. Simiyu alimleta mama yao kwa gari moshi mwezi uliopita, baada ya Nafula kusikia wageni wakisema haya maji yanafungua viungo. Kamau akawa anambeba kwa baiskeli kutoka Gilgil, mimi nikiwa kwenye kazi za mbali. Nafula anamwogesha, anamchua, halafu anasugua bafu mwenyewe ili mkono wangu usiguse maji ya mama yake. Kizibo alikificha yeye. Jumamosi ile angeniacha niingie, ningekaa kwenye bafu la mkwe wangu.

Nikamuuliza Kamau kwa nini hakunidokeza. Akasema alifikiri ninajua na ninajifanya sijui, kwa heshima. Alifikiri mimi ni mtu mzuri hivyo.

Shemeji, kumbe, alianza kumwita hivyo kwa sababu kumbeba mkwe wangu kulimfanya ajione ndugu yangu.

Jumanne, 14 Agosti

Nafula amerudi kuchukua nguo zake. Hakukaa. Nilimwambia nilidhani nini. Niliona ni bora nimwambie mwenyewe.

"Na Kamau?" akasema. "Yule Kamau?"

Akavuta sanduku lake chini ya kitanda, akaendelea.

"Ningekwambia, ungeacha kusugua mabafu. Ungesema huwezi kushika burashi hiyo tena, na kazi ingeisha, tungerudi Kimilili kulima kwa watu. Na mama angebaki kitandani. Niliubeba mzigo huo ili wewe na mama muwe na heshima yenu."

Alikuwa na haki kwa kila neno.

Mama yake amekataa kukanyaga hapa tena. Siku mbili baada ya siku ile alipanda gari moshi akarudi kwake. Wiki mbili zaidi, Nafula anasema, angekuwa anakwenda sokoni.

Jumatatu, 20 Agosti

Wazee wa kwetu walioko Nakuru wamekutana kwa habari yangu. Kondoo lazima apelekwe kwa mama mkwe, achinjwe, na maneno ya kutakasa yasemwe. Ndugu yangu mkubwa atampeleka, mimi siruhusiwi kufika kwenye boma lake. Mmoja wao alicheka akajifanya anakohoa. Mwingine akaniuliza rungu lilikuwa la nini. Nikasema la nyoka.

Hakuna aliyeamini.

Alhamisi, 30 Agosti

Barua ya ndugu yangu imefika. Kondoo amepokelewa. Miguu ya mama mkwe imeanza kukataa tena, na yeye hataki kusikia habari ya Elementaita.

Asubuhi nilikwenda kwenye chemchemi yenyewe, juu, pale maji yanapotoka kabla ya kuingia bomba, ambapo hajaoga mtu. Nimejaza madebe mawili. Kamau ameyafunga kwenye baiskeli yake bila kuniuliza, tukasukuma pamoja mpaka stesheni ya Gilgil. Nafula alikuwa pale na Simiyu. Anakwenda Kimilili kumwangalia mama yake.

Nilimwambia maji yatafika yakiwa baridi. Akasema kule kuna kuni.

Simiyu akapakia madebe. Watu walikuwa wengi, wanasukumana na kuku wao. Nikamuuliza Nafula atarudi lini. Akafikiri kidogo, akasema siku ile mama atakapokwenda choo peke yake. Nikasema sawa.

Bwana Sohan ameleta mabati. Kesho nyumba ya nne itaezekwa, Jumamosi kuna familia ya watoto wanne inakuja. Nimelisugua bafu lake leo jioni. Kamau alishika burashi ya pili.