Vitunguu Kwenye Sanduku la Drili

Jumatatu, 3 Machi

Plasta imetolewa! Mkono umetoka umekonda, umepauka, kama si wangu. Daktari anasema mfupa umeunga vizuri, nianze kuuzoeza taratibu. Nikamuuliza: naweza kurudi kazini? Akasema ndiyo, baada ya wiki chache, ukipata nguvu ya kushika. Mume wangu alikuwa amekaa pale pale. Alisikia kila neno.

Tumefika nyumbani, hata maji sijanywa, ananiambia amempata mtu wa kununua vifaa vyangu. Vyote. Pamoja na masanduku. Fundi mmoja, rafiki wa rafiki yake, atakuja Jumamosi kuvitazama.

Nani amesema nauza?

Anasema nimeanguka kazini mara moja na inatosha. Binti yetu anahitaji mama mwenye mikono miwili. Yeye anayo miwili na hajawahi kubadilisha balbu! Sikulisema hilo. Nimeuma ulimi, nimekuja kuliandika hapa.

Masanduku yenyewe ni matano, ya manjano. Yanapandana, moja juu ya jingine, na kubanwa kwa vishikizo vya pembeni mpaka yanakuwa mnara mmoja. La chini lina magurudumu. Nilianza na moja tu, nikawa naongeza jingine kila nikimaliza kazi kubwa. Kwenye kila mfuniko nimeandika kwa rangi nyeusi FUNDI UMEME, na namba yangu ya simu. Kwa mkono huu huu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Mtu hawezi kuuza kabati la jikoni likiwa na sukari ndani.

Mume wangu alipotoka tu kwenda kazini — yuko kiwanda cha uchapaji, ndiyo maana nikikasirika namwita Bwana Chapa — nimetoa vifaa vyote. Drili nimeifunga kwenye shuka la zamani. Koleo, testa, bisibisi, ndani ya foronya. Vyote chini ya kitanda, upande wangu. Halafu nikaanza kujaza. Sanduku la drili: vitunguu na viazi. Lile refu la nyaya: unga na sukari. Lina mpira kwenye mfuniko, sisimizi na wajaribu! Lile bapa la skrubu, lenye vyumba vidogo vidogo: vifungo, sindano, nyuzi, dawa ya kikohozi, plasta za vidonda. La koleo: soksi na sare za shule. La magurudumu: nguo chafu, nalikokota mpaka karoni.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti chake. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia napanga nyumba, mama. Akasema, hatimaye!

Jioni mkono umeniuma vibaya. Uume tu.

Jumamosi, 8 Machi

Mnunuzi amekuja. Miwani mikubwa, viatu safi mno kwa fundi. Bwana Chapa amemkaribisha kwa heshima zote, akamwonyesha mnara: vifaa vimo humo, ndugu yangu, fungua ujionee. Miwani akafungua la kwanza. Vitunguu. Akafungua la pili. Sukari. La tatu — soksi, tena ya juu kabisa ina tundu. Akainua kichwa.

"Ndugu, hapa nauziwa vifaa au nahamishwa nyumba?"

Nimecheka mpaka machozi! Bwana Chapa hakucheka. Akauliza drili iko wapi. Nikasema iko salama. Salama wapi? Salama ninapojua mimi. Hakutaka kelele mbele ya mgeni, na mimi nilijua hatataka, tumeishi wote miaka.

Miwani wakati wa kuaga alinisogelea, akaninong'oneza kwamba hata yeye drili yake angeificha. Nimempenda bure mtu yule.

Jumatano, 12 Machi

Sasa nimenogewa. Masanduku mawili ubavu kwa ubavu, ubao juu yake: meza ya kupigia pasi. Binti akirudi shule, meza ya hesabu. Trei ya ndani ya sanduku la drili nimeijaza udongo, nimepanda mboga za majani dirishani. Sikuitoboa! Nimetandika kokoto chini, maji yanajichuja humo. Nikitaka trei yangu nitaosha, itarudi ilivyokuwa.

Sanduku la skrubu limegeuka duka la dawa la jengo zima. Jirani wa mlango wa pili alikuja kuomba plasta ya kidole, akabaki hapo anafungua na kufunga vyumba mpaka nikamkumbusha kidole chenyewe.

Na liko jambo moja hawalijui. Wote wakishatoka, na mama mkwe akisinzia, nashika sanduku la viazi kwa mkono mbovu. Nainua. Nashusha. Nainua. Nilianza na viazi vichache, nazidi kuongeza. Jana nilitupia na mfuko wa sukari. Mama mkwe analalamika kwamba viazi vya siku hizi vinapondeka ovyo. Nikamwambia ni kweli, mama, wakulima wamekuwa wazembe.

Jumapili, 16 Machi

Wageni! Mama mkwe amewaleta wenzake wa kikundi waje kuona mpango wa mkwe wake. Sebule imejaa. Wakafungua, wakafunga, wakabana vishikizo, wakaviachia — ta! ta! ta! — kelele tupu. Mmoja anataka la kuwekea vitambaa. Mwingine la viatu vya mzee wake. Mwingine akasema hilo bapa lingefaa shanga na hereni, kila moja na chumba chake. Nilikuwa nafurahi, sikatai. Mtu akisifiwa anafurahi.

Halafu mama mkwe akashika kiuno akasema:

"Jamani, kumbe kule kuanguka kulikuwa heri. Tazameni! Nyumba imepata mwenyewe."

Wote wakaitikia. Bwana Chapa akaitikia kuwashinda wote, ananitazama kwa macho ya mapenzi kabisa. Nikabeba sahani jikoni. Nikasimama mbele ya sinki, nimefungua maji, siyatumii.

Nilitaka yasiuzwe. Hayatauzwa! Yatabaki humu ndani, na mimi nitabaki nayo. Nimejichimbia shimo mwenyewe, tena kwa ustadi, shimo lenye vyumba vidogo vidogo.

Alhamisi, 20 Machi

Bwana Chapa amerudi na bahasha kubwa. Zawadi, anasema. Fumba macho, mke wangu. Nimefumba. Nimefumbua.

Vibandiko. Amevichapa mwenyewe kazini, karatasi ya kung'aa isiyopitisha maji, herufi nzuri, na picha ndogo pembeni. VITUNGUU. UNGA NA SUKARI. DAWA. SOKSI. NGUO CHAFU. Akapiga magoti, akavibandika kimoja kimoja, anavilainisha kwa kiganja visiwe na mapovu, ncha ya ulimi imetoka nje kama mtoto anayechora. Juu ya mifuniko. Juu ya FUNDI UMEME. Juu ya namba yangu.

Nimesema asante. Hilo ndilo linaloniunguza! Alikuwa na furaha mpaka mdomo wangu ukasema asante bila kuniuliza.

Nampenda mtu huyu. Niliandike na hilo, maana ni kweli. Na najua anaogopa. Siku niliyoanguka alikuja hospitali shati amevaa nje ndani, akashika nguo yangu badala ya mkono, akasimama hivyo hivyo mpaka wakamaliza kunifunga plasta. Sijasahau. Lakini kuogopa ni kwake. Kwa nini nikae ndani mimi ili moyo wake utulie? NGUO CHAFU, juu ya jina la kazi yangu! Sitaki. Sitaki kabisa.

Ijumaa, 21 Machi

Nimevibandua vyote. Gundi yao ni nzuri mno, imebidi nitumie mafuta ya kupikia na kucha. Ameona. Ameokota vipande, akavirudisha kwenye bahasha yake.

Jumapili, 23 Machi

Ngongoti amepiga simu! Mwenzangu wa kazi, mrefu hata ngazi anapanda kwa heshima tu. Amepata zahanati mpya, jengo zima, nyaya kuanzia mwanzo. Anaanza kesho. Anasema bodi ya swichi hataki mtu aiguse ila mimi. Unaweza? Naweza — nimejibu kabla hajamaliza kuuliza.

Nimelisema mezani, wote tukiwa tunakula. Bwana Chapa ameweka kijiko chini. Mama mkwe ameuliza, na vitunguu vitakaa wapi? Wallahi, ndilo swali lake la kwanza!

"Na ukianguka tena?" mume wangu akauliza.

"Na wewe ukigongwa barabarani?"

"Usinichezee maneno, mama watoto. Nakuuliza kitu cha kweli."

Basi nikamjibu kwa kweli. Nikamwambia ngazi iliteleza kwa sababu kulikuwa na maji sakafuni na nilikuwa na haraka. Sasa nitapangusa sakafu kwanza. Siwezi kuahidi zaidi ya hapo, hakuna anayeweza. Lakini nikikaa humu nikihesabiwa soksi nitakuwa mtu mbaya, na nitawachosha wote watatu.

Akasukuma sahani kando. Halafu akasema mkono huo hauwezi hata kushusha masanduku mpaka chini. Tunakaa ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Akasema: kesho yashushe, yote, na vifaa vyake ndani, bila mtu mwingine kuyagusa. Ukiweza, sitasema neno tena. Ukishindwa, nampigia Miwani.

Nimekubali. Binti akasema mama ataweza. Kisha akauliza soksi zake atazipata wapi.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika kwenye ngazi, hapa zinapokatia kona kabla ya ghorofa ya kwanza. Daftari liko juu ya sanduku la drili. Meza ya kuandikia — hata hii sikuwa nimeifikiria! Mwandiko mbaya, kalamu inaniponyoka.

Asubuhi nimemwaga kila kitu. Vitunguu kwenye beseni, soksi kitandani, unga kwenye sufuria kubwa. Mama mkwe anazunguka anasema Mungu wangu, Mungu wangu, na huku anashika mfuko wa sukari nisimwage. Nikavuta foronya kutoka chini ya kitanda. Bwana Chapa akatikisa kichwa: amelala juu ya drili wiki tatu! Kila kifaa kimerudi mahali pake. Nimevaa buti.

Nilipobana mnara wote akakunja mikono, ametulia. Ukiwa umejaa, mnara ule haushuki ngazi hizi hata kwa mikono ya Ngongoti. Alijua hilo. Basi nikaanza kufungua vishikizo, nitenganishe masanduku. Akasema, hatukukubaliana hivyo. Nikamwambia, ulisema yote. Hukusema kwa pamoja. Mama mkwe amecheka! Ameziba mdomo kwa kitambaa, lakini nimemsikia.

La skrubu limeshuka. La nyaya limeshuka. La koleo nimelishusha kwa matako, ngazi kwa ngazi, nimelipakata. Binti anayalinda chini, amevaa sare ya shule. Ngongoti yuko nje na pikapu, alitaka kupanda kunipokea, nimemfokea mpaka jirani amefungua mlango. Hili la drili limenishinda nusu. Vidole vilifunguka vyenyewe, nikaliwahi kwa goti. Goti limevimba. Na juu bado liko la magurudumu, lina nyundo, patasi na mashine ya kukatia ukuta, zito kuliko yote, na magurudumu hayana msaada wowote kwenye ngazi.

Bwana Chapa ameshuka. Nimesikia mlango, kisha kandambili zake. Amesimama ngazi tatu juu yangu. Haniangalii usoni, anaangalia mkono.

"Umechoka," akasema.

"Nimechoka."

Akashuka nyingine moja. Akainama, akanyoosha mkono kwenye kishikio cha sanduku. Si kwa hila, naujua uso wake. Alikuwa anataka tu kubeba.

"Usiguse!" nimempigia kelele. "Ukiligusa nimeshindwa."

Mkono wake umebaki hewani. Halafu ameurudisha, taratibu, ameukalia kabisa, amekaa ngazini kama mtoto aliyekatazwa. Akasema, basi likamate chini, si juu. Huku juu litakuponyoka tena. Magoti yakunje.

Yeye! Ananifundisha kubeba!

Nitalikamata chini. Nikishalifikisha nitapanda nimpite hapo alipokaa, nikalifuate la mwisho. Mkono bado unauma. Uume tu.