Siku Niliyomtazama Namba Sita

Jumamosi, jua linazama. Baridi ya leo hapa Lushoto imeniingia mpaka vidoleni, naandika nimejifunika khanga mbili na sauti imenikauka kwa kupiga kelele. Lakini nina furaha, na nisipoiandika leo nitalala nayo kifuani.

Nianze na aibu yangu.

Binti yangu Zainabu, wa kidato cha tatu, anachezea timu ya wasichana ya kata yetu. Jezi namba sita. Mwezi uliopita alirudi kutoka mechini ana tope mpaka kwenye nyusi, anacheka peke yake. Nikamuuliza swali langu la siku zote: umefunga mangapi?

"Mimi si mfungaji, mama."

Nikamwambia mwaka mzima anakimbia uwanjani bila goli hata moja, si bora aje kunisaidia kuuza karoti sokoni. Nilisema kama utani. Haukuwa utani.

Jumanne hakwenda mazoezini. Alhamisi pia. Alisema amechoka. Viatu vyake vya mpira alivifua, vilipokauka akavitia kwenye mfuko wa rambo na kuufunga fundo.

Lile fundo lilinitesa.

Sikuwa na ujasiri wa kumuuliza yeye, nikamuuliza Mama Stella, jirani yangu wa meza pale sokoni. Yeye anauza viazi, na hakuna mechi ya redioni inayompita. Mimi mpira nilikuwa naujua kwa kelele tu: watu wakiruka, naruka. Mama Stella akatandika gunia, akapanga viazi kumi na kimoja. Golikipa nyuma. Mbele yake mabeki wanne, kisha viungo wanne, halafu washambuliaji wawili. Akasema huo ndio mfumo wa nne-nne-mbili. Kisha akagusa kiazi cha katikati, kilichokaa karibu na mabeki.

"Huyu ndiye mwanao. Kiungo mkabaji. Sasa tazama."

Akakitoa. Akachukua karoti yangu moja, akaipitisha kwenye lile pengo moja kwa moja mpaka kwa golikipa. Hakuna kilichoizuia.

Mteja alikuwa akiniita, sikumsikia.

Jioni ile, tukichambua maharage, nikamuuliza Zainabu namba sita anajuaje wakati wa kwenda mbele na wakati wa kubaki. Aliniangalia, akipima kama namtania. Kisha akaanza kueleza, akaeleza mpaka maharage tukachanganya na mawe. Nikamwomba radhi kwa lile neno langu. Jumanne iliyofuata mfuko ulikuwa mtupu na yeye yuko mazoezini.

Leo wamecheza na wasichana wa Mgwashi, kwenye uwanja mmoja huko Kwai. Ukungu ulikuwa mzito, ukisimama kwenye goli moja hulioni la pili. Mechi ikachelewa mpaka ulipopanda. Mimi na Mama Stella tulisimama kwenye tuta, na kwa mara ya kwanza sikuufuata mpira. Nilimfuata Zainabu.

Kumbe mtoto anafanya kazi! Beki wa kushoto akipanda, yeye anakwenda kuziba nafasi. Namba kumi wao, msichana mrefu, kila akigeuka anamkuta. Kipindi cha kwanza Zainabu aliupokonya mpira katikati ya uwanja, akampelekea winga wa kulia, winga akapiga krosi, straika wetu akafunga kwa kichwa. Wote wakamkimbilia straika. Zainabu alikuwa ameshainama, anafunga kamba ya kiatu.

Mimi nilikuwa nimeruka tangu ile pasi ya kwanza.

Kipindi cha pili, baba mmoja mtu mzima nyuma yangu akasema, "Yule namba sita anatembea tu. Wamtoe, waingize mtu wa kufunga."

Damu ilinichemka. Lakini adabu ni adabu. Nikageuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Naomba umtazame yeye tu, dakika tano. Mpira uache."

Hakupenda, ila alitazama. Ndipo Mgwashi wakaingiza mshambuliaji wa tatu. Nikaona mabeki wetu wa kati wanazidiwa. Zainabu naye aliona. Akashuka akasimama katikati yao, huku akiwaonyesha wenzake kwa mkono wasogee. Nikajikuta napayuka, "Tumebadili mfumo! Sasa tuna watano nyuma!" Mama Stella akanitazama kana kwamba nimesema Kijerumani.

Dakika za mwisho namba kumi wao akapenya, golikipa wetu ameshatoka golini. Alipopiga, Zainabu alijitelezesha kwenye tope, akauondoa mpira kwenye mstari wa goli. Filimbi. Moja bila.

Yule baba akaniuliza, "Ni wa kwako?"

"Wa kwangu."

Sijawahi kulitamka neno hilo kwa sauti kubwa hivyo.

Zainabu alipokuja sikumuuliza magoli. Nilimtajia kazi zake, moja baada ya nyingine, tangu ule mpira alioupokonya katikati. Akajifunika uso kwa jezi. Nadhani alikuwa analia. Sikumfunua.

Jumanne nafunga meza mapema niende mazoezini. Kuna kitu kinaitwa kuotea. Leo mwamuzi amepuliza filimbi mara nne kwa ajili ya hicho kitu, na mara zote nne nimemlaumu bila kujua kosa. Zainabu amesema atanieleza taratibu.

Na mimi, mtu mzima hivi, kumbe bado napenda kufundishwa?