Ubao wa Kadi au Kikao cha Asubuhi

Rujewa, Jumanne, Oktoba 1976

Upepo wa vumbi tangu alfajiri. Mabati yanatetemeka.

Leo Ambakisye wangu amerudi kutoka mferejini amelowa hadi kifuani. Mume wangu mzuri, ambaye nikisikia tu kengele ya baiskeli yake nasahau ndizi motoni! Yeye alikuwa anacheka. Mimi nililia.

Meneja wa mradi wa mpunga ameniachia mimi, karani wake, nichague njia ya kuziunganisha timu zote: wachimba mfereji, mafundi wa gereji na walinzi wa milango ya maji. Upo ubao mpya, kila timu inabandika kadi za rangi kuonyesha kazi yake. Au kikao cha asubuhi, wote wakae ofisini wasemezane.

Nilianza kuujaribu ubao. Unapendeza kama khanga mpya!

Leo wachimbaji walibandika kadi nyekundu: hatari, tumo ndani. Lakini gereji wamezoea kuweka nyekundu kwenye kazi ya haraka, na walinzi wa milango wakaisoma hivyohivyo, kwamba maji yanatakiwa upesi. Wakakimbia kufungua maji, na Ambakisye na wachimbaji wenzake wamo mferejini.

Kesho asubuhi meneja anataka jibu. "Bibi harusi, ubao au kikao? Nataka neno moja tu."

Neno ninalo. Mtu akisema kwa mdomo wake kwamba watu wamo ndani, nani atakosea?

Ila mkuu wa walinzi wa milango ni baba mkwe.

Kwetu Wanyakyusa, mke hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami, hasemi mbele yake. Nikimwona njiani najitosa majanini. Na kwenye kikao karani ndiye anayesoma kazi za siku. Kumbe ndiyo maana niliupenda ule ubao.

Nimemwambia Ambakisye. Akanivuta sikio.

"Mke wangu, unaogopa maji au unamwogopa mzee?"

"Vyote viwili."

"Basi leo vilinijia pamoja!" Akatoka kwenda kuanika suruali, anapiga mluzi.

Je, nikae chumba cha pili, mlango wazi, nisome nikiutazama ukuta? Hata hivyo atanisikia. Ukweni watasema huyu hakufundwa.



Nitasema kikao. Waseme sikufundwa. Ambakisye wangu arudi mkavu.